Wasomaji Wanauliza: Ulimi wa Mtangazaji wa Mieleka

SWALI: Mhariri, nikitazama mieleka ya miaka ya 1980 na 1990, picha ina ukungu lakini utangazaji unanishika. Ya siku hizi picha inang'aa, ila mara nyingi naishia kuzima sauti. Nimezeeka, au kuna kilichoharibika?

JIBU: Huenda yote mawili, lakini masikio yako hayakudanganyi. Hesabu kwanza vinywa. WrestleMania ya kwanza, onyesho kubwa la mieleka la Marekani la Machi 1985, ilitangazwa na Gorilla Monsoon na Jesse Ventura, wawili basi: mmoja anaeleza, mwenzake anambishia. Meza ya watu watatu, ambayo WWE, kampuni inayoandaa WrestleMania, iliitumia kwa miaka mingi, inadai kila mmoja apate zamu, na kinacholiwa ni ukimya. Halafu kuna muda. Julai 2012 kipindi chake cha kila wiki cha Raw kilirefushwa kutoka saa mbili hadi tatu, na hakuna binadamu anayeweza kushangaa kwa dhati saa tatu mfululizo.

Kubwa zaidi liko sikioni. Mtangazaji huvaa visikizi, na humo mtayarishaji anamwagiza: taja pambano la Jumapili, msome mdhamini, rudia kaulimbiu. Vince McMahon, aliyekuwa bosi wa WWE na ambaye naye alitangaza kwa miaka mingi, alijulikana kwa kuwalisha watangazaji wake maneno kwa njia hiyo. Ukisikia sentensi imekatika katikati, kisha ikafuata kauli iliyonyooka kama karatasi ya tangazo, ujue mtu kasema sikioni.

Jipimie mwenyewe. Chukua dakika tatu za pambano, uhesabu sentensi zinazohusu miili iliyo ulingoni. Zikiwa chini ya nusu, unasikiliza duka.

SWALI: Kwa nini pawe na mchambuzi anayemtetea waziwazi adui, yaani mwanamieleka anayeigiza uovu? Mimi ananikera tu.

JIBU: Kukukera ndiyo kazi yake, ila lazima awe na hoja. Ventura hakusifia uovu tu; alitafuta kanuni inayomlinda adui, na wakati mwingine alikuwa na haki, hata stelingi alipofanya hila ileile. Bobby Heenan, mchambuzi mwingine wa upande wa maadui, alikwenda mbali zaidi. Katika Royal Rumble ya Januari 1992, pambano ambalo wanamieleka huingia mmoja baada ya mwingine, adui Ric Flair aliingia wa tatu kati ya 30 na kukaa ulingoni takriban saa nzima hadi akashinda ubingwa. Heenan alihofia hatima yake kila mpinzani mpya alipoingia, na hofu hiyo ilimpa mtazamaji kipimo cha ugumu wa kazi. Si kelele za upande mmoja.

Hatari ipo. Julai 1996, kwenye onyesho la Bash at the Beach, Hulk Hogan, stelingi wa miaka mingi, alitokea kama mwokozi, na Heenan akauliza yuko upande wa nani. Muda mfupi baadaye Hogan akawageuka wenzake. Wengi humlaumu Heenan kwa kufichua siri. Sisi tunamtetea nusu: kwa zaidi ya miaka kumi mhusika wake hakuwahi kumwamini Hogan, kwa hiyo kunyamaza kungekuwa ajabu zaidi. Lakini neno hilo lilipaswa kusubiri sekunde kumi.

SWALI: Kwa kuwa matokeo hupangwa, je, watangazaji hujua mshindi kabla?

JIBU: Inategemea kampuni na mtu. Wengi hupewa mambo makuu, wengine hupenda wajue kidogo ili mshangao uwe wao. Anayejua kila kitu hujiumbua kwa jambo moja: huanza kupandisha sauti kabla mwili haujaruka.

SWALI: Tuna kikundi kidogo cha mieleka na nimepewa kipaza sauti. Nianzie wapi?

JIBU: Anza kabla ya siku yenyewe. Kwa kila mwanamieleka andika kadi moja, si zaidi: jina linavyotamkwa (muulize mwenyewe), pigo lake la kumalizia, jeraha la hadithi, na sababu ya ugomvi kwa sentensi moja. Kadi ndefu husomwa, na anayesoma haoni.

Siku ya kazi, macho yawe kwenye monita kuliko ulingoni. Mtazamaji anaona kile ambacho kamera imemwonyesha. Ukishangilia kilichotokea nje ya picha, unamwacha gizani.

Sasa maneno. Mwanagenzi husema: "Amempiga teke! Amemwinua! Amembwaga!" Hayo yote yanaonekana. Linganisha na hili: "Goti la kushoto, lilelile lililogonga nguzo. Anamwinua... goti limekataa!" Hapo umeunganisha dakika ya pili na ya kumi, na mtazamaji anaanza kulitazama goti mwenyewe. Usipojua jina la pigo, eleza mwili ulivyoanguka. Jina la kubuni litakuumbua kwa wanaojua. Mtangazaji Gordon Solie wa Florida alijijengea heshima kwa kueleza mikabo kwa utulivu, kama daktari.

Refa anapohesabu, nyamaza. Acha mkono wake usikike ukigonga turubai. Kosa la kawaida ni kupaza "tatu!" mkono ukiwa bado hewani, kisha mtu anajinasua na wewe umebaki na neno mdomoni. Kuhusu sauti, jiwekee ngazi nne, na ya nne uitumie mara moja au mbili usiku mzima. Ukiimaliza kwenye pambano la kwanza, la mwisho utalitangaza kwa koo lililopasuka.

Mitambo: kipaza sauti cha mezani kikae sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isikipige. Pima kiwango kwa ukelele wako mkubwa kabisa, si kwa mazungumzo ya kawaida, na kilele kisivuke desibeli -6. Sauti iliyopasuka kwenye rekodi haiponi. Watazamaji warekodiwe kwenye njia yao, washushwe chini ya sauti yako unapoongea na wapandishwe unaponyamaza. Ukiacha mashine ifanye hivyo kwa ukali mno, kila mwisho wa sentensi yako umati utaruka ghafla kama redio iliyoguswa kitufe. Punguza kina cha kushusha, na uongeze muda wa kurudi.

SWALI: Mtu akiumia kweli, mtangazaji afanye nini, maana tumezoea maumivu ya kuigiza?

JIBU: Aache uhusika mara moja na aseme hivyo waziwazi. Mei 1999 mwanamieleka Owen Hart alipoanguka kutoka darini, mtangazaji Jim Ross aliwaambia watazamaji kwamba hilo si sehemu ya onyesho, na baadaye ndiye aliyetangaza kifo chake hewani. Septemba 2012 mchambuzi Jerry Lawler alipatwa na shambulio la moyo akiwa mezani wakati Raw inaendelea. Mtangazaji mwenzake Michael Cole, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akimtania hewani, alishusha sauti na kueleza yale tu aliyothibitishiwa. Mapambano yaliyobaki usiku ule yalionyeshwa bila utangazaji. Lawler alipona, akarudi mezani Novemba mwaka huohuo.