Mtoto asigeuzwe tarishi wa kesi yake

Siku niliyomfungua mkoba mwanafunzi wangu mmoja nilikuwa natafuta daftari la hesabu tu. Nikakuta ndara za mtoto mdogo, nyekundu, zimefungwa kwa kipande cha kanga. Za nani? "Za mdogo wangu. Usiku tukikimbia anakanyaga miba." Alisema kama mtu anayekwambia leo kuna mvua.

Ana miaka tisa. Nasomesha darasa la tatu katika skuli moja ya Wilaya ya Wete, na kwa wiki mbili nzima nilikuwa namgombeza kwa kusinzia darasani.

Kosa langu nalitaja mapema ili mwengine asilirudie: nilimwita baba. Niliona ndiyo adabu, mtu mzima azungumzwe naye, mambo yaishe kwa staha. Alikuja na kanzu yake safi, akanisikiliza, akanishukuru. Usiku ule mkewe alipigwa mpaka akatokwa na damu sikioni, kosa lake kutoa siri za nyumba. Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, au wewe ustadhi wa chuo cha Kurani, ukijua nyumba fulani ina kipigo usianze na anayepiga. Nenda kwa afisa wa Ustawi wa Jamii wa wilaya au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Hujui pa kuanzia? Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto; hulipii kitu.

Sasa nije kwenye lililonichosha zaidi, yaani zile ofisi zenyewe.

Kwanza niliulizwa, "Mtoto ana alama?" Hana. Basi ikaandikwa kesi ya mama peke yake. Watoto wawili waliokuwa wamejibanza nyuma ya mlango, mmoja kamziba mwenzake mdomo kwa kiganja, hawakuingia hata mstari mmoja. Ukimsindikiza mtu kutoa maelezo, sema watoto walikuwepo, umri wao, wanalala wapi, waliona nini, kisha omba kwa upole kisomwe kilichoandikwa. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, namba 6 ya 2011, inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe. Lakini utayatanguliza vipi maslahi ya mtoto ambaye hayumo kwenye jalada?

Pili, katika siku kumi na moja yule mwanafunzi wangu alihojiwa mara tano. Kila ofisi ilitaka isikie kwake mwenyewe, wala hakuna iliyouliza mwenzake kaandika nini. Mara ya kwanza alieleza mpaka rangi ya ndoo iliyopinduka. Mara ya tano alisema, "Baba alimpiga mama," akanyamaza. Pale pale mtu akaandika kwamba maelezo ya mtoto yamebadilika! Nilitoka nje nikakaa chini ya mwembe, maana ningebaki ndani ningesema neno la kujutia.

Laiti ningejua mapema, ningewapeleka moja kwa moja kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono. Cha mwanzo kilianza Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, mwaka 2011, na huku Pemba vipo katika hospitali za Chake Chake na Wete. Shabaha yake ni daktari, polisi, ustawi na mshauri wakutwe pahala pamoja, mtu asitangetange na PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea hospitali, mkononi. Ila mukishatoka pale munarudi mtaani, na mtaani kituo hakimo.

Ndipo nikanunua kaunta buku, niandike kila ninaloahidiwa. Tarehe, cheo cha niliyezungumza naye, aliloahidi, siku aliyoahidi. Baada ya mwezi nikaenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani, kumuomba aite watu wanne tu: yeye, ustawi, askari wa dawati na mimi. Tulikaa kwake asubuhi moja, chai ikapoa. Polisi alidhani ustawi ameshafika nyumbani. Ustawi alidhani sheha anapita kila jioni. Sheha alidhani kesi iko mahkamani na yeye hana tena la kufanya. Hapakuwa na mtu mbaya pale barazani, na nyumbani hapajafika hata mmoja! Tukagawana kazi, na kila kazi ikapewa mtu na siku. Mimi nilipewa jambo moja: mtoto asipoonekana skuli, nampigia ustawi kabla ya saa tatu.

Angalieni lakini munakaa na nani. Sisi visiwani sote ni ndugu, na muhali, ile haya ya kumuudhi jamaa, unatumaliza. Ami yake baba alikuwa kwenye kamati ya shehia, na kilichosemwa kamatini mchana kilimfika mhusika kabla ya magharibi. Tangu hapo anayeambiwa ni yule mwenye kazi ya kufanya. Sitara ni ya mtoto kwanza.

Halafu kuna kwa kadhi, tulikosahau kabisa. Mama alidai talaka, baba akadai watoto, na jalada la polisi halikuwa limevuka njia kufika huko. Mama naye aliona haya kulitaja mbele ya wazee. Nilimwandikia namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake polisi, kwenye karatasi nikamwambia, "Dada yangu, ukishindwa kusema, mpe karani hii." Alimpa. Shauri likaahirishwa ili taarifa ya ustawi iletwe.

Kwa sasa watoto wako kwa bibi yao mzaa mama, na kusinzia darasani kumepungua. Ndara bado anazibeba, nami sijamwambia aziache. Jumatatu kuna tarehe nyengine kwa kadhi, na taarifa ya ustawi nimeahidiwa kesho. Imo kwenye kaunta buku, ukurasa wa kumi na nne.