Futi 16 Mtoni, Mlangoni Kwangu Ni Ngapi?

SWALI: Shikamoo mama. Nina watoto watatu. Tulitoka kambi ya Nyarugusu, sasa tunakaa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, kwenye besimenti karibu na Mto Cedar. Mvua ikinyesha usiku sipati usingizi. Mwanangu hunionyesha kwenye simu ramani ya mafuriko ya jimbo zima, ananiambia mto utafika futi kadhaa. Jirani anasema hiyo ni ya wakubwa wa kaunti, si ya wapangaji kama sisi. Ni kweli? Na mto ukifika futi 16, ndani kwangu maji yatakuwa kiasi gani?
Msomaji, Cedar Rapids

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa usiku huo. Jirani amekosea. Ramani hiyo ni ya Kituo cha Mafuriko cha Iowa, kilichopo Chuo Kikuu cha Iowa. Bunge la jimbo lilikianzisha mwaka 2009, baada ya Mto Cedar kupanda hapo mjini kwenu hadi futi 31.12 mwezi Juni 2008. Rekodi ya zamani ilikuwa futi 20, kwa hiyo watu walijiandaa kwa mto waliouzoea, ukawajia mwingine kabisa. Ramani ni bure. Anayoifungua afisa wa maafa wa kaunti ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye simu ya mwanao.

Mimi nimekulia Kilosa, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Baba alipiga mstari wa rangi nyeupe kwenye nguzo ya daraja la Mkondoa. Maji yakiugusa, mama alikuwa anafunga kuku miguu na kupandisha gunia la mahindi darini, hata kama jua linawaka, maana mvua ya kutuzamisha ilikuwa inanyesha huko juu, si kwetu. Siku ya kwanza kuona kisanduku cha kituo hiki kwenye daraja huku Iowa, chenye kipande cha sola juu yake, nilimkumbuka baba. Kisanduku hutuma sauti chini, hupima inavyorudi kutoka kwenye maji, kisha hupeleka kipimo kila dakika 15. Viko zaidi ya 200 jimboni.

Sasa futi zako. Futi 16 si kina cha maji mlangoni. Zinahesabiwa kutoka sifuri ya kipimo kilichoko mtoni. Hapo kwenu mafuriko huanza kuhesabiwa kwenye futi 12, na 16 ni mafuriko makubwa, lakini kuna mitaa inayobaki mikavu hata hapo. Unachotakiwa kujua ni namba ya mtaa wako. Mwambie mwanao afungue ramani ya maji ya Cedar Rapids, apandishe kiwango kidogo kidogo mpaka rangi ya buluu iguse nyumba yenu. Andika namba hiyo kwa kalamu nene, ibandike kwenye friji. Chini yake andika nyingine, pungufu ya futi mbili: hiyo ndiyo ya kuondoka. Utabiri na onyo rasmi hutolewa na Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa, na utabiri wake utauona humo humo. Linganisha na friji.

Ila besimenti, mwanangu, ina hatari ambayo ramani ya mto haiionyeshi. Maji ya mvua huweza kurudi kupitia bomba la maji machafu kabla mto haujamwagika. Tundu la sakafuni likianza kukoroma, pandisha watoto juu usiku huo huo, usingoje simu ilie. Na usipite kwa gari penye maji yanayokimbia. Inchi 12 tu zinaweza kubeba gari dogo.

Mwaka 2016 mto ulifika kama futi 22. Safari hiyo utabiri uliwahi, mji ukapata siku kadhaa za kuweka vizuizi vya mchanga, na watu wakahamisha vitu vyao mapema.

Jambo la mwisho, na hili nimeona likiliza watu: bima ya kawaida ya mpangaji hailipi mafuriko. Ya mafuriko inanunuliwa peke yake, inaweza kukinga vitu vya mpangaji hata kama nyumba si yake, ila ile ya serikali haikingi vitu vingi vilivyo besimenti, kwa hiyo uliza kwanza, na kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Piga simu wiki hii, kabla ya mvua.