Kabla hujalaumu mapafu

Mama mmoja alimleta mwanawe kutoka Ukerewe. Walishuka meli ya Nansio, wakachukua bajaji, na mlangoni kwetu, hospitalini Mwanza, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nesi, mwekee oksijeni, pumu imembana." Kijana alikuwa wa miaka ishirini na kitu, midomo imemkauka, anapumua haraka na kwa kina, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyepandisha kilima cha Bugando mbio na gunia begani. Tulimwamini mama. Mashine ya mvuke ikaanza kutafutwa.

Mimi nikapewa kazi ya kuchukua damu ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, ili kupima hewa na asidi ndani yake. Nilibana mishipa yote miwili ya kifundo cha mkono, nikaachia ule wa upande wa kidole cha mwisho, kiganja kikarudisha rangi, nikachoma upande wa kidole gumba. Damu ikapanda yenyewe kwenye bomba, nyekundu ya kung'aa. Nilifurahi mno kupata kwa mchomo mmoja, na furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Juu ya damu kulikuwa na kiputo cha hewa kama punje ya choroko. Nilikiona, nikakiacha, nikatembea nacho hadi ilipo mashine ya kupima damu hiyo, jengo jingine.

Majibu yakasema mgandamizo wa oksijeni ni milimita 128 za zebaki, na mgonjwa alikuwa bado anavuta hewa ya kawaida. Daktari wa zamu akaisoma karatasi, akaniangalia. "Huyu mmempimia Dar es Salaam?"

Sikumwelewa mpaka alipochukua kalamu. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa wa pwani ni 760, huku kwetu ni kama 665. Toa 47 ya mvuke wa maji ndani ya mapafu, zidisha kwa 0.21, sehemu ya oksijeni hewani, unapata 130. Bado hujatoa sehemu inayochukuliwa na hewa ya ukaa. Kwa hiyo mtu wa Mwanza asiyewekewa oksijeni hawezi kufika 128, hata awe mwanariadha. Kiputo changu ndicho kilichokuwa kinasomwa. Ndiyo maana pia mtu mzima wa afya hapa akitoka na 75 usishtuke; ile 80 hadi 100 ya vitabuni ni ya watu wa usawa wa bahari.

Nikarudia. Safari hii niliinua bomba, nikagonga kwa ukucha, nikasukuma hewa yote nje, nikaziba, nikaliviringisha viganjani ili damu ichanganyike na heparini, dawa inayoizuia isigande, nikakimbia. Ukichelewa zaidi ya nusu saa, seli zinaendelea kula oksijeni humo humo ndani ya bomba. Na heparini ya maji ikizidi, inachakachua majibu.

Majibu ya pili: pH, kipimo ambacho kikishuka asidi imezidi, 7.08; hewa ya ukaa 15; bikaboneti, inayozimua asidi, 4; oksijeni 96.

Wadogo zangu mliotoka chuoni majuzi, hapa ndipo nataka mkae. Kawaida pH ni 7.35 hadi 7.45, hewa ya ukaa 35 hadi 45, bikaboneti 22 hadi 26. Hewa ya ukaa ikiyeyuka kwenye maji inakuwa asidi; ndiyo inayoipa soda ule ukali, na soda ikiachwa wazi ukali unapotea. Mapafu yakishindwa kazi, hewa ya ukaa inarundikana, damu inakuwa na asidi, na mngeona namba kubwa, 60 au 70. Huyu ana 15. Asidi imetoka kwingine, na mapafu ndiyo yanayoipunguza kwa kuifukuza hewa ya ukaa nje. Tulikuwa tunamtibu mwokoaji.

Kuna hesabu ndogo ya kukagua: bikaboneti mara 1.5, jumlisha 8, ruhusu 2 juu au chini. 4 mara 1.5 ni 6, na 8 ni 14. Yeye ana 15, mapafu yanafanya inavyotakiwa. Ingekuwa 28, ningeogopa: ama anachoka, ama kifuani kweli kuna jambo.

Ndipo mtu akakumbuka kupima sukari. Glukomita, kile kipimo kidogo cha sukari, ikaandika HI, yaani sukari imepita kiwango inachoweza kusoma. Mkojo, ketoni tele, asidi zinazotokana na mafuta kuchomwa mwilini. Mama akaeleza kuwa kijana alitapika siku tatu, hali kitu, wakaacha sindano yake ya insulini ya kisukari. "Si alikuwa hali, nesi. Ningemchomaje?"

Sikuwa na la kumlaumu, wengi wanafikiri hivyo. Lakini ugonjwa wenyewe unapandisha sukari hata bila chakula, na mwili usio na insulini unachoma mafuta na kumwaga asidi. Kama una mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini nyumbani, akiumwa usiikatishe. Pima sukari mara nyingi, mpe maji, piga simu kliniki uulize kipimo. Akianza kutapika na kupumua kwa kina hivyo, pumzi ikinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, usisubiri meli ya kesho.

Kwa wa wodini: usimpe mgonjwa huyu dawa ya usingizi eti atulie. Pumzi ile ikipunguzwa, hewa ya ukaa inapanda na pH inaporomoka. Ikibidi kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia, mashine nayo ipumue haraka kama alivyokuwa akipumua mwenyewe. Vinginevyo mnamuua kwa utaratibu mzuri. Tiba yake ni maji ya dripu, potasiamu ikiangaliwa kabla, kisha insulini.

Na kama ateri inakataa, msimtoboe mara sita. Kwa kujua asidi tu, damu ya vena inatosha, pH yake iko chini kwa kama 0.03. Oksijeni mtaisoma kwa kile kifaa cha kubana kidoleni.

Kijana alishusha pumzi siku iliyofuata. Glukomita ilikuwa kwenye droo, hatua tatu kutoka kitandani kwake, muda wote tuliokuwa tunahangaikia mvuke. Sasa naitembeza mfukoni.