Weka huo mtego wa meno chini, wewe wa Machame

Nimesoma swali lako mara mbili mate yakanikauka. Kuku tisa ndani ya siku kumi, na sasa unauliza mtego wa chuma wenye meno unapatikana wapi Moshi mjini, uweke chambo gani, na ngozi utamuuzia nani. Mangi, kabla hujatoa hata mia: huyo anayekula kuku wako umemwona? Umeandika "nahisi ni kicheche". Hata mimi nilihisi.

Mimi niko Kibosho, kihamba (shamba la ukoo) cha marehemu baba, migomba na kahawa, ua wa mimea ya masale pande zote. Mwaka juzi kuku wa kienyeji walianza kupungua, leo mmoja, kesho kutwa wawili. Wengine nilikuta hawana kichwa, mwili umeachwa palepale. Wakafika kumi na mmoja. Ndipo akatokea jamaa mmoja anayejiita mtaalamu wa mitego, anazunguka vijijini na begi. Aliangalia banda dakika tano, akanusa (namaanisha alinusa kweli, kama daktari wa kwenye maigizo), akasema: "Hapa anapita kwenye masale." Akanifungia vitanzi vinne vya waya wa klachi ya pikipiki kwenye matundu ya ua. Elfu arobaini. Nikamuuliza kama ni halali, akacheka. "Mzee, kuku ni wako, shamba ni lako, nani atakuuliza?"

Popote ulipo, wewe mtaalamu, natumaini kuku wako wametaga mawe.

Siku ya pili nikapata msiba Himo. Nikaenda. Nikalala huko, siku moja ikawa mbili, unajua matanga. Waya nimeziacha zimetegwa na hakuna mtu wa kuzikagua. Hapa ndipo roho inaniuma mpaka leo, si pesa. Niliporudi alfajiri nilikuta mbwa wa mzee jirani, dume jekundu lililokuwa linanisindikiza mpaka barabarani kila asubuhi, amenaswa shingoni. Ardhi yote aliyoweza kuifikia ilikuwa imechimbuliwa. Hakufa haraka, alama zilikuwa zinaonyesha. Alikuwa akipita kwenye tundu hilohilo kila siku kuja kwangu kula mabaki. Ndiyo maana lilikuwa na njia iliyokanyagwa! Mtaalamu aliona njia ya mbwa akaniuzia mnyama pori.

Kwetu huku masale ndiyo mpaka, na jani hilohilo la sale ndilo unalobeba ukienda kuomba msamaha. Basi nililikata kwenye ua uleule nilioutega, nikaenda nalo kwa mzee. Alilipokea, hakusema kitu dakika nzima. Afadhali angenipiga. Wazee walikaa: mbwa laki tatu na nusu, mbuzi laki na themanini, mbege (pombe yetu ya ndizi) juu yangu, na bado nauli za kwenda kuandika maelezo, maana habari ilishafika kwa mtendaji na afisa wanyamapori akaja. Yule afisa alinieleza kwa upole kuliko nilivyostahili kwamba waya peke yake, hata zisipokamata kitu, ni kosa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haitazami kama shamba ni la baba yako. Mnyama pori ni mali ya umma, na kumtegea waya, shimo au sumu bila kibali ni ujangili, hata kama wewe unajiona mfugaji tu. Jumla nilitoboka zaidi ya laki sita, kulinda kuku wa laki mbili. Hesabu nilisoma, msinicheke.

Na unajua nini? Usiku ule nilioenda kulala na aibu yangu, kuku mwingine aliliwa.

Hapo ndipo mama yangu, ambaye hajawahi kulipwa elfu arobaini na mtu, akaniambia nichukue majivu ya jikoni. Nikayachekecha, nikayamwaga kuzunguka banda lote, upana wa hatua moja. Asubuhi kuku kafa, majivu safi kama shuka. Usiku wa pili vilevile. Mke wangu akaanza kutaja mambo ya kishirikina. Mama akasema, "Kama hakupita chini, kapita wapi?" Tukaweka majivu juu ya mbao, pale bati linapokutana na ukuta. Kesho yake vijiguu vidogo vya duara, kama vya paka, bila alama ya kucha. Kanu (si chama cha Kenya, punguza ushabiki), yule mwenye madoadoa na mkia mrefu wa pete. Alikuwa anashuka kwenye tawi la mparachichi, anaingia kwenye upenyo ambao ngumi yangu haipiti. Nikakata tawi, nikaziba upenyo kwa wavu mgumu wa nusu inchi. Elfu arobaini na sita, na kuku hawajaguswa tena. Sikumnasa mtu.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: MAJIVU KWANZA. Usiku tatu. Kama wizi unatokea mchana na mayai ndiyo yanaisha, shuku nguchiro. Ukikuta mbao zimepasuliwa au udongo umefukuliwa kama na jembe, huyo ni nyegere, na wavu wa kuku wa kawaida ataula. Ukikuta unyayo wa paka lakini mkubwa kama kiganja chako, usisogee. Funga mifugo, toa taarifa kwa mtendaji na afisa wanyamapori wa halmashauri, maana msitu wa Kilimanjaro ulio juu yenu ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na chui hasomi mabango ya mpaka.

Hata mtego wa kasha, ule wa kukamata mnyama mzima, ongea na afisa kwanza. Hizo video za Wamarekani wanaotega rakuni nimeziona. Kule wana leseni, wana msimu, na majimbo mengi yanakulazimisha ukague mtego kila siku. Wewe unaiga meno tu. Na hayo meno ya kubana mguu Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku tangu 1995, sasa unayatafuta Moshi?

Ngozi: ukikutwa nayo bila kibali ni nyara za serikali. Watu wanasomewa miaka 20 huko. Futa hata hiyo sentensi kwenye swali lako.

Mzee amepata mbwa mwingine. Kamwita Waya. Kila jioni namsikia akimwita kwa sauti, na najua anahakikisha nasikia.

Chekecha majivu leo leo. Kesho asubuhi piga picha ya unyayo, weka kiberiti pembeni tuone ukubwa, uitume hapa.