Kabla hujamlaumu mwenye jerikeni

Mwanafunzi wangu alikaribia kulia nilipomwambia kuwa amemwaga mkojo njiani. Alikuwa amemeza Panadol mbili, yaani miligramu 1,000 za parasetamoli, ili tupime ni kiasi gani kinatoka kwenye mkojo, akakusanya mkojo wa saa 24 kwenye jerikeni ya lita tano, kisha akapanda nayo teksi kutoka Bwaise, mtaa wa Kampala, huku abiria wakimkodolea macho. Mimi nikapata miligramu 310 tu.

"Mwalimu, sijamwaga hata tone."

Kweli hakumwaga. Mkosaji nilikuwa mimi.

Parasetamoli inayotoka kama ilivyomezwa haifiki asilimia 5. Nyingine ini limeshaifungasha: zaidi ya nusu kama glukuronidi (imeunganishwa na asidi itokanayo na sukari), theluthi hivi kama salfeti. Njia ya kresoli, kemikali tunayotumia kupima dawa hii kwa rangi, haioni mzigo uliofungwa. Lazima kwanza uchemshe mkojo pamoja na asidi ya haidrokloriki, kwenye maji yanayotokota, saa nzima, mpaka mafungu hayo yafunguke na kubaki para-aminofenoli, kipande cha dawa kinachotoa rangi. Hapo ukitia kresoli na amonia, buluu inajitokeza, nawe unaisoma kwenye spektrofotomita, kifaa cha kupima rangi, kwa mwanga wa urefu wa wimbi wa karibu nanomita 620.

Siku ile umeme ulikatika dakika ya kumi. Nikaona buluu hafifu, nikaipima hivyohivyo, nikailinganisha na vipimo vya kulinganishia (mkojo wenye kiasi cha dawa kinachojulikana) nilivyochemsha jana yake saa nzima. Upuuzi mtupu! Kesho yake nikarudia mkojo uleule juu ya jiko la gesi: 840.

Kwa hiyo chemsha sampuli na vipimo vya kulinganishia sufuria moja, wakati mmoja. Vitengeneze kwa mkojo wa mtu huyohuyo aliotoa kabla ya kumeza dawa, maana mkojo una rangi yake. Ziba mirija barabara. Mvuke ukitoroka, namba inapanda bure. Na pima ujazo wote kabla ya kumwaga chochote (usicheke, nimeshaona). Ukishuku kwamba mkojo haukukusanywa wote, pima kreatinini (taka ambayo mwili huitoa kwa kiasi karibu kilekile kila siku) kwanza, maneno baadaye.

Buluu hukupa jumla tu. Ukitaka kujua glukuronidi ni kiasi gani na salfeti kiasi gani, utahitaji kromatografia ya kimiminika, njia ya kutenganisha kemikali kwa kuzisukuma na pampu ndani ya bomba lililojazwa chembechembe. Kwenye safu ya C18, aina ya bomba hilo inayotumika sana, glukuronidi kwa kawaida hutangulia, salfeti hufuata, parasetamoli yenyewe nyuma. Ni kazi safi, ila glukuronidi na salfeti halisi za kulinganishia huagizwa nje kwa bei ya kuumiza, na pampu haitaki mchezo wa umeme. Kwa kufundishia, mimi nabaki na sufuria.

Siku hizi pia natoa jerikeni nyeusi.