Bathdei ya binti yangu na binamu wa upande wa pili wa wikio

SWALI: Shangazi shikamoo. Binti yangu anafikisha miaka 15 mwezi ujao na safari hii anataka bathdei ya marafiki zake peke yao, sio ile ya ukoo mzima. Mimi na babake tumesema sawa, watu 12 basi, manake darini kwetu hapaenei zaidi na mfuko nao ndio huu. Shida ni kwamba kwenye listi yake hayumo binamu yake, mtoto wa kakangu, na wako darasa moja. Ati alimpiga picha akiwa amelala mdomo wazi akaiweka stetasi, darasa zima likacheka. Sasa sisi tuko Mkomani, hapa Lamu, nyumba yetu na ya kakangu zimeungana kwa wikio, lile daraja la juu linalovuka kichochoro, wakikaanga kitunguu mimi najua wanapika nini, nitawaficha vipi? Na wifi yangu ni mtu wa kuweka mambo moyoni. Nimlazimishe binti amwite?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo picha, manake naona umeipita juu juu. Kuchekwa na darasa zima kwa mtoto wa umri huo si jambo dogo, kila akiingia darasani anakumbuka. Je, binamu yake alimuomba msamaha? Kama hakuomba na wewe unamlazimisha amwite, ni kama unamwambia ameze tu ilmradi wakubwa wasinuniane, na hao wawili watakaa kila mmoja pembe yake ya mkeka hadi keki iishe.

Kwa hivyo listi iache kwanza. Waite wote wawili jioni moja, wewe peke yako bila wifi, wayatoe yote. Watoto waliopita kwenye wikio hilo tangu wanatambaa hawashindwi kulia kidogo wakapatana. Wakipatana atamwita mwenyewe, na akiwa wa 13 na awe, sambusa tatu zaidi hazikufilisi.

Wasipopatana muache binti achague, ni siku yake, lakini hapo sherehe isiwe darini kwenu. Hebu mfikirie yule mtoto kajilaza kitandani kwao, anasikia muziki na vicheko vya wenzake, na kila sauti anajua ni ya nani! Wapelekeni Shela kwa boti, mikeka na viazi vya karai na juisi ya ukwaju vyote vinabebeka, keki tu ndio ya kushikiliwa. Na mkitaka kurudi kwa miguu mtizame maji, yakijaa ile njia ya pwani haipitiki.

Alafu mwambie aipitie listi tena. Akiita wanne kati ya watano wanaokwenda chuoni, yaani madrasa, pamoja, yule wa tano atajiona kafukuzwa, kwa hivyo aite wawili au awaite wote. Mialiko awape mdomo kwa mdomo, asiweke kwenye grupu ya darasa.

Wifi yako muendee mwenyewe mapema, asije akaisikia barazani. Mwambie, "Wifi, watoto wamekosana, mwaka huu anataka rafiki zake, sisi tukutane kwangu Ijumaa." Na Ijumaa hiyo pika biriani, kata keki ndogo, na kipande cha binamu binti yako ampelekee kwa mkono wake.