Mwulize Nahodha: Mkuku wa Kupandisha na Kushusha

Mwezi huu nimepokea barua tatu zinazozungumzia jambo moja kutoka pande tatu. Nimeona ni vyema nizijibu pamoja, nikianza na ile ndefu.

SWALI: Shikamoo Nahodha. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari mjini Mtwara, na nyumbani kwetu ni Mikindani. Mwaka jana iliingia katika ghuba yetu mashua ya matanga ya wageni, yenye bodi ya aluminiamu isiyopakwa rangi, ikatia nanga karibu kabisa na mikoko. Maji yalipopwa nilitarajia kuiona imelala ubavu kama vyombo vyetu, lakini ilibaki wima juu ya tope, na mwenyewe akashuka kwa ngazi akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Niliambiwa kwamba mkuku wake, yaani ule uti wa chini ya chombo unaozama majini, hupandishwa ndani. Tangu siku hiyo sina ndoto nyingine ila kumiliki chombo cha namna ile, nisafiri na familia yangu hadi Kilwa na kuingia katika kila hori ambalo vyombo vikubwa haviingii. Je, ndoto hii ina akili, au ni tamaa ya macho tu?
Mwalimu, Mtwara

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Ndoto yako ina akili, ila nadhani kilichokuvutia si kile kitakachokufaa zaidi. Wewe umeuona mkuku ulipokuwa umepandishwa, lakini thamani yake huonekana ukiwa umeshushwa.

Vyombo vya aina hiyo hujengwa sana Ufaransa, na mashua za aluminiamu ziitwazo Ovni ndizo zinazojulikana zaidi. Waingereza nao walikuwa na Southerly zao. Mkuku ukishushwa, vingi kati ya vyombo hivyo huhitaji maji ya mita 2 au zaidi. Ukipandishwa, huweza kupita mahali ambapo mtu mzima anasimama na maji hayamfiki kifuani. Katikati ya chombo kuna sanduku lisilopitisha maji, lililo wazi upande wa chini, na ndani yake hukaa bamba la chuma au la aluminiamu, ambalo ndilo mkuku wenyewe. Kuna bamba linalozunguka kwenye pini, likapanda kwa kurudi nyuma kama wembe wa kisu cha kukunja, na kuna linalopanda wima kama droo. Kwa bahari yetu, mimi ningechagua la kuzunguka bila kufikiri mara mbili, kwa sababu likigonga fungu au jiwe hupanda lenyewe na kukupa onyo, ilhali lile la wima hupinda au hukwama, na hapo utakuwa umenasa mwambani bila njia ya kulipandisha wala kulishusha.

Sasa tuje kwenye farumi, yaani uzito unaokituliza chombo. Wewe ni mtoto wa Mikindani, kwa hiyo umekwisha kuona wavuvi wakipanga viroba vya mchanga ndani ya mashua, kisha wakakaa wenyewe upande wa goshi, unakotoka upepo, ili upepo usiipindue. Chombo chenye mkuku wa kudumu hubeba farumi yake chini kabisa, na mara nyingi ni risasi, ambayo ni nzito mara 11 kuliko maji, kwa hiyo hata kikilazwa na dhoruba uzito ule hukivuta kisimame. Katika vingi vya vyombo vyenye bamba la kupandisha, bamba lenyewe ni jepesi na farumi imelazwa tumboni, ndani ya ngama. Chombo hutegemea upana wake ili kisiyumbe, na husimama vizuri sana hadi kiasi fulani cha kulala, lakini kikipita kiasi hicho hakijirudi kwa nguvu zile zile. Vipo pia ambavyo farumi imo ndani ya mkuku wenyewe unaopandishwa, na hivyo si salama kuvipeleka bahari kuu bila mkuku kushushwa na kufungwa kwa kitasa chake. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mwulize muuzaji farumi iko wapi, na usikubali jibu la mkato.

Niliposema thamani yake huonekana ukiwa umeshushwa, nilikuwa nikifikiria safari yako ya Kilwa. Kutoka Mtwara kwenda Kilwa wakati wa kusi, upepo wa kusini unakusukuma kutoka tezi, yaani nyuma ya chombo, na hapo bamba likipandishwa karibu lote chombo hukimbia vizuri zaidi kwa kuwa hakuna kinachoburuta majini. Hata dau lingekufikisha. Shida ni kurudi. Wazee waliingoja kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, na mwalimu mwenye likizo ya wiki nne hawezi kuingoja kaskazi. Utalazimika kwenda joshi, yaani kuuelekea upepo, ukipiga bisha baada ya bisha, mshazari huku na huku, dhidi ya pepo za mbisho, na chombo kisicho na kitu kirefu chini yake huteleza kuelekea demani, upande unakokwenda upepo: omo, yaani mbele ya chombo, inatazama Mtwara, lakini mwili mzima wa chombo unasogea pembeni, na jioni unaiona rasi ile ile uliyoiona asubuhi. Bamba likishushwa lote, mtelezo huo hupungua sana. Tena si lazima liwe juu kabisa au chini kabisa. Upepo ukiwa wa ubavuni na usukani ukawa mzito mkononi, ukilipandisha kidogo tu utasikia usukani unalegea.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni lile sanduku. Katika maji ya vuguvugu kama yetu, chaza na mwani huota upesi, na ndani ya sanduku hakuna mkono unaofika kusugua. Chombo kikikaa juu ya tope au changarawe, vijiwe na makombe huingia katika ule mwanya, kisha siku unayotaka kuondoka bamba halishuki. Waya wa kulivuta huliwa na kutu mahali usipopaona, na pini huchakaa hadi bamba linaanza kugonga usiku kucha kama mtu anayebisha hodi. Kinaya ni kwamba chombo cha kawaida ukikilaza ufukweni unauona mkuku wote, lakini hiki kinakaa kwa tumbo, na mlango wa sanduku uko chini ya hilo tumbo. Mafundi wenye akili huchagua mchanga mgumu, wakachimba shimo refu maji yalipopwa, kisha wakakiweka chombo juu yake maji yalipojaa. Maji yakipwa tena, bamba linashushwa ndani ya shimo na kusuguliwa. Ni kazi ya saa chache kabla maji hayajarudi, na utaifanya mara kadhaa kwa mwaka. Bodi ikiwa ya aluminiamu, usikubali kabisa ipakwe ile rangi ya kuzuia viumbe yenye shaba ndani yake, kwa maana shaba na aluminiamu zikikutana katika maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Na utaegesha wapi? Bandari ya Mtwara ni ya kina kirefu, na hata maji kati ya Kilwa Masoko na Kilwa Kisiwani ni ya kina kizuri, kwa hiyo safari yako yenyewe haihitaji mkuku wa kupanda ili ianze wala ili iishe. Unauhitaji katikati: Mikindani kwenyewe, Sudi, mdomo wa Lukuledi pale Lindi, na njia za mikoko kuelekea Songo Mnara. Huko maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na hupwa kabisa yapata saa nne asubuhi na saa nne usiku. Tope na mchanga ni rafiki wa chombo chako. Tumbawe si rafiki wa chombo chochote, na mkuku ukipandishwa si ruhusa ya kukaa juu yake. Kabla hujakiacha chombo kipwelewe mahali, patembee kwanza kwa miguu siku moja kabla, maji yakiwa yamekupwa, na ukiwakuta kina mama wanaochokoa pweza, waulize kwa heshima, kwa sababu wanalijua kila jiwe la pale kuliko ramani yoyote ya bahari.

Nami nikuonye kwa kosa langu mwenyewe. Nikiwa kijana niliiingiza mashua ya ajira ndani ya hori la Sudi juu ya kilele cha bamvua, nikifurahi kwamba maji ni mengi. Siku ya pili maji yalijaa pungufu kidogo, siku ya tatu pungufu zaidi, kisha yakafika maji mafu, yale yanayojaa kidogo tu, na mashua haikunyanyuka hata unene wa kidole. Nilikaa pale siku 13 nikilishwa muhogo na watu wa kijiji, huku mwenye mashua akinitumia salamu ambazo siwezi kuziandika hapa. Mkuku wa kupanda ungenisaidia kuingia mbali zaidi, yaani kukwama vizuri zaidi. Ingia maji yakiwa bado yanajaa, na kama unakusudia kukauka, chagua siku ambazo bamvua bado linakuja.

SWALI: Nahodha, habari za kazi. Mume wangu ana mashua ya mbao ya kubebea mizigo kati ya Lindi na Kitunda na vijiji vya jirani. Amesikia habari za mkuku wa kushusha na sasa anataka fundi autoboe mkuku wa mashua apitishe ubao. Mimi naogopa. Je, inawezekana?
Mama wa Lindi

JIBU: Inawezekana, na una haki ya kuogopa. Mkuku ni uti wa mgongo wa mashua. Mataruma yote, yaani mbavu za mashua, yamekaa juu yake. Ukiutoboa mwanya mrefu katikati, mashua itaanza kujinyonga kwenye mawimbi na kuvuja mahali ambapo kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa za mbao, haikai. Mafundi wa nchi nyingine wanaotia sanduku kwenye chombo cha mbao cha zamani huliweka kando ya mkuku, wakikata ubao wa chini tu, na chombo kinakwenda vile vile ingawa ubao hauko katikati hasa.

Hata hivyo, mwambie mumeo, kaka yangu, kwamba ipo njia isiyohitaji tundu lolote. Waholanzi, ambao bahari yao ni ya mafungu na tope, kwa mamia ya miaka wametundika mbao pana ubavuni mwa vyombo vyao, moja kila upande, na vyombo vya mizigo vya mto Thames nchini Uingereza vilifanya hivyo hivyo. Unashusha ubao wa upande wa demani kwa kamba, na ukigeuza tanga unaupandisha huo na kushusha wa pili. Fundi wa hapo hapo Lindi anaweza kuuchonga kwa mvule, akaufunga juu kwa boliti moja nene na mnyororo wa kuuzuia usichanuke. Ajaribu msimu mmoja. Kama hakuupenda, anaufungua, na mashua inabaki ilivyokuwa.

SWALI: Mkuu, nikinunua chombo cha matanga cha kutembelea tu, si cha uvuvi wala biashara, nahitaji kibali chochote?
Kijana, Msimbati

JIBU: Ndiyo. Usajili na ukaguzi wa vyombo vya majini kwa upande wa Bara uko chini ya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na chombo kuwa cha starehe hakikuondolei wajibu wa kubeba jaketi okozi kwa kila aliyemo. Kwa kuwa wewe uko Msimbati, kumbuka pia kwamba uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Nenda ofisi ya hifadhi kwanza ukaulize mahali panaporuhusiwa kutia nanga, na nanga yako iangukie mchanga.